Ushauri Niliompa Twiga

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lile la kulia limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Na mkeo, Mama yetu mlezi, naye hajambo? Mwambie miwani ya kusomea huvaliwa machoni, si utosini kama taji. Sisi huku miili haijambo. Mke wangu anakuamkia. Cherehani yake haipumziki kwa sababu shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare wiki hii hii. Wajukuu zako wanakua haraka. Yule mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele, basi akitaka kucheka anajifunika mdomo kwa daftari.

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisomea karakanani nikiwa nimekaa juu ya rundo la mbao. Nimeirudia mara nne. Umeandika kwamba umesikia jinsi nilivyomuuguza mdogo wangu Twiga, nilivyokesha kwenye benchi la wodi, nilivyomlisha uji kwa kijiko. Umeandika kwamba marehemu dada yako angekuwapo angejivunia tumbo lililonizaa. Ukamalizia kwa kusema mimi si kaka tu kwa Twiga, ni baba. Mjomba, maneno hayo nimeyabeba siku tano sasa na sina pa kuyatua. Shukrani ulizonipa si zangu. Nimeona nikuandikie, kwa maana kwenye simu najijua: ningekusikia tu ukikohoa, ningeanza kuulizia habari za mvua mpaka salio liishe.

Unisamehe pia kwamba nitataja mambo ya ndani ya suruali. Wewe ni mwanamume, na baada ya mama yetu kufariki ndiwe uliyetulea. Mama akitaka kusomewa msomee, ruka pale utakapoona haya, ingawa ukifika mwisho utaona kwamba yeye ana haki ya kuyajua kuliko wote.

Ilianza mwezi wa tatu. Mafundi wengine walikuwa wamekwenda kula, tumebaki wawili. Twiga akaanza kupiga msasa mguu wa kiti uliokwisha kupigwa msasa jana yake. Nikajua ana neno. Nikamwacha mpaka mguu ukabaki mwembamba kuliko wenzake, ndipo akasema. Alisema ngozi ya mbele imembana kwa miezi kadhaa, inapasuka na kumwasha, na akienda haja ndogo anang'ata meno. Amekwenda kliniki, wamemwambia tohara inaweza kumsaidia, lakini arudi na kadi yake ya kisukari kwanza. Unakumbuka kisukari chake kiligunduliwa mwaka jana, na vidonge anameza siku anazokumbuka. Kadi yenyewe hakuwa na hakika ilipo. Na harusi yake na mchumba wake, mwalimu wa chekechea, ilikuwa imebaki miezi mitatu.

Alitaka kujua mengi. Kama inauma, kama ni siku ngapi, watamuuliza nini, na kama baadaye mtu anabaki kujisikia mwanamume yule yule. Akasema amekuja kwangu kwa sababu katika ukoo mzima mimi ndiye mtu wa karibu aliyeyapitia ukubwani.

Hapo, mjomba, ilinipasa kusema sijui. Neno lenyewe lina herufi tano. Lakini unaijua hadithi ya nyumbani kwetu, maana wewe ndiye mtunzaji wake mkuu: kwamba nilipofanyiwa tohara nikiwa na miaka kumi na tisa, siku ya tatu nilikuwa uwanjani nakimbiza mpira. Umeisimulia kwa majirani. Umeisimulia kwenye harusi yangu, mbele ya wakwe, mkwe wangu wa kike akaangalia sahani yake mpaka ulipokaa. Na Twiga hakuisikia tu; alikuwapo, na siku ya tatu aliniona kwa macho yake nikifunga bao.

Basi nikavuta kigoda, nikakaa kama profesa. Nikamwambia kisu chenyewe ni kama kuumwa na mbu. Siku tatu, na ya nne mtu anarudi kazini. Alipouliza kuhusu kadi ya kisukari nikamwambia asijipalie makaa: akianza kutaja sukari watamzungusha, leo kipimo, kesho kipimo, mpaka harusi imfikie bado anang'ata meno. Aende kliniki nyingine, akiulizwa kama ana ugonjwa wowote aseme hana. Akaniuliza kama mimi niliulizwa. Nikajibu kwamba hawakuniuliza kitu. Na nilifurahi, mjomba, nakuambia ukweli. Nilifurahi jinsi alivyokuwa akinitazama.

Alikwenda siku ya Alhamisi. Mambo yalikwenda vizuri, walimpa ganzi, walimshona, wakampa dawa za maumivu na karatasi ya maelekezo, wakamtaka arudi kuonwa siku ya pili. Ijumaa akapita karakanani, anatembea taratibu, kuniuliza kama kweli kuna haja ya kurudi. Karatasi alikuwa nayo mkononi. Nikamwambia karatasi hizo huandikiwa watu wa ofisini. Nikaichukua, nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa benchi lililokuwa likiyumba. Mafundi wakacheka, na yeye akacheka. Hakurudi kliniki.

Sasa sikiliza la Jumatatu. Tulikuwa na oda ya makabati sita ya faili, mbao ngumu, ya kupeleka kwenye jengo la ghorofa tatu ambalo lifti yake ilikuwa mbovu. Msimamizi wa kazi ni mimi, na watu walikuwa pungufu. Nikampigia Twiga. Sikumlazimisha, nilimuuliza tu kama bado amelala kama mzazi. Alikuja.

Alikaa upande wa chini kwa sababu ya urefu wake, mimi juu. Kabati la kwanza lilifika. La pili, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, alisimama akasema, "Kaka, tushushe." Sikumtazama hata usoni. Nikamwambia zimebaki ngazi nane, ajikaze kiume. Akajikaza. Nilizisikia zote nane, mjomba, kwa sababu kila moja alitoa pumzi kama mtu anayepuliza moto. Tulipofika juu akaketi sakafuni, na ovaroli lake la kijivu lilikuwa na doa mbele, na doa lile lilikuwa linakua.

Kama ningempeleka kliniki saa ile ile, labda leo ningekuwa naandika barua ya kuchekesha. Alinitazama akaniuliza kama ndivyo inavyokuwa. Nikamjibu kwamba hata mimi ilinitoka kidogo. Nikamnunulia bandeji, nikamwambia aoshe kwa maji ya chumvi, nikamrudisha chumbani kwake. Makabati yaliyobaki niliyamaliza na mlinzi wa jengo.

Kwa siku tatu alinijibu kwa simu kwamba anaendelea vizuri. Alikuwa anaona haya. Mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba kaka yake alipona kwa siku tatu atasemaje kwamba yeye siku ya saba hawezi kusimama? Ijumaa alikuja nyumbani kwetu kupimwa suti ya harusi, kwa sababu aliahidi na hakutaka mtu aulize kwa nini hakuja. Mke wangu alipiga magoti na futi yake ya kitambaa kupima urefu wa mguu, akanyanyua kichwa ghafla. Alisikia harufu. Akamshika mkono, ukawa wa moto kama pasi. Aliitupa futi, akaita teksi, akamwingiza, ndipo akanipigia simu akasema nije hospitali na niache chochote nilichoshika.

Walipompima sukari nesi alikisoma kipimo mara mbili, halafu akamwita mwenzake akisome. Kidonda kilikuwa kimefumuka na kuoza. Walimwingiza chumba cha upasuaji wakaondoa sehemu iliyokufa, na daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, akatuambia kwamba tumshukuru Mungu imeishia kwenye ngozi. Angechelewa siku mbili zaidi, tungekuwa tunazungumza kuhusu kukata kitu kingine, au kuhusu jeneza.

Alipozinduka vizuri daktari alimuuliza, mimi nikiwa nimesimama na kikombe cha uji, nani alimwambia afiche kisukari na nani alimruhusu kubeba mizigo. Twiga akageukia ukuta. Akasema, "Nilijiamulia mwenyewe, daktari. Ni kichwa ngumu tu." Nikainamia kikombe nikaukoroga uji uliokwisha kupoa, na daktari akadhani ni uchungu wa kaka. Akaniwekea mkono begani, mjomba. Akanifariji.

Kisha akatueleza, bila ukali. Alisema kosa si la kisu. Kwa mtu aliyejiandaa ni upasuaji mdogo. Lakini mwenye kisukari hutuliza sukari kwanza, na kila kidonge mtu anachomeza sharti kitajwe, na kama anatokwa damu kirahisi aseme pia. Kazi nzito inasubiri mpaka waliomshona wamruhusu. Kulala na mke kunasubiri wiki sita hata kama kidonda kinaonekana kimefunga, maana ngozi changa hudanganya. Akasema pia wapo wanaodhani wakishatahiriwa wamevaa chuma. Inapunguza baadhi ya maradhi, haiyazuii, na kinga nyingine zinabaki pale pale. Na juu ya yote, mtu aende kwa sababu yake mwenyewe, akijua anaweza kusema hapana hata akiwa amekwisha kupanda kitandani. Akamalizia kwamba hayo yote yamo kwenye karatasi waliyompa. Twiga hakusema karatasi iko wapi.

Siku kumi na moja nilimuuguza kama ulivyosikia. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimwaga beseni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walisema hawajaona ndugu kama mimi. Mchumba wake alikuja kila jioni, na siku moja alinishika mikono yote miwili akalia kwa kunishukuru. Kadiri walivyonisifu ndivyo nilivyozidi kuosha beseni, hata likiwa safi. Harusi ikaahirishwa. Suti inaning'inia chumbani kwetu, mguu mmoja haujapimwa.

Hapo ndipo ilipofika barua yako. Na siku iliyofuata fundi wetu wa makochi, baba wa watoto watatu, aliniambia akiwa anapigilia vitambaa kwamba Ijumaa anakwenda kukatwa na Jumatatu yuko kazini. Nikamuuliza nani kamwambia Jumatatu. Akashangaa: si mimi? Akasema yaliyompata Twiga ni sukari tu, lakini yeye hana sukari, ana vidonge vya presha tu, na hivyo hatavitaja kama nilivyomfundisha Twiga. Aliyasikia yote siku ile, alikuwa amelala nyuma ya makochi.

Mjomba, sasa naandika lile lililonifanya nichukue kalamu. Mimi sikutahiriwa. Si siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Mimi mwenyewe ndiye niliyekuomba unipeleke, kwa sababu wenzangu wa bwenini walikuwa wananicheka bafuni. Kwetu haikuwa lazima, na wewe uliniuliza mara mbili kama nina hakika. Ulichelewa zamu yako kiwandani ili unifikishe mlangoni. Ulipoondoka nilikaa kwenye foleni, wa nne. Mlango ukafunguliwa nikaona trei yenye vyuma, na mtu ndani akapiga ukelele mmoja mfupi. Sikuwaambia kwamba nimeghairi, jambo ambalo leo najua lilikuwa haki yangu na wala si aibu. Nilipita chumba cha kufulia mashuka nikatokea barabara ya nyuma. Nilikaa kituo cha posta mpaka saa tisa, nikisoma bei za stempu. Nikanunua bandeji dukani. Nikaja nyumbani miguu nimeitanua.

Mama aliniachia kitanda chake. Alichemsha supu siku tatu, akailetea mlangoni na kugeuza uso ili asinione. Wewe kila ukitoka kazini ulisimama kizingitini ukauliza kidonda kinaendeleaje, nami nikajibu hakijambo. Twiga alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ya tatu nilichoka kulala nikaruka ukuta nikaenda mpirani, nanyi mkaona ajabu, ikawa hadithi. Nilisubiri isahaulike. Badala yake ikawa ndiyo sifa yangu.

Mke wangu alijua, bila shaka. Hilo halifichiki ndani ya ndoa. Miaka kumi na miwili hakunifichua hata siku moja, na wala hajawahi kudai niende. Lakini Jumatano jioni nilipomwambia habari za fundi wa makochi aliweka mkasi chini. Akasema amenivumilia nilipokuwa najidanganya mimi mwenyewe, ila sasa uongo wangu una wagonjwa. Akasema nimewaelekeza watu njia ya safari ambayo sikuwahi kusafiri. Akaniambia nianze na yule aliyeumia.

Alhamisi asubuhi nilikwenda chumbani kwa Twiga. Nilimkuta anatandika kitanda, bado anainama kwa tahadhari. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Kwanza alicheka, akadhani natafuta kumchangamsha. Aliponiona sicheki akaketi. Akaniuliza kama nakumbuka kwamba alinipepea kwa kipande cha boksi siku mbili nzima, mpaka mkono ukamuuma. Nikasema nakumbuka. Kisha akauliza, polepole, "Na pale ghorofani, uliposema hata wewe ilikutoka kidogo?"

Nikasema haikunitoka. Sikuwa na kidonda.

Akanyanyuka akafungua mlango, akaushika wazi. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Nilipita chini ya mkono wake kama mtoto, nikasikia komeo likiingia nyuma yangu.

Mchana ule niliwakusanya mafundi nikawaambia. Fundi wa kupaka vanishi akacheka hadi akamwaga kopo, na tangu hapo jina langu kazini ni Mgonjwa Hewa. Nalistahili. Fundi wa makochi hakucheka. Alitoka bila kuaga, akaenda kliniki akataja vidonge vyake, na wamemwambia watulize presha yake kwanza, halafu ndipo wazungumze. Naye haongei nami sana, lakini amenirudishia nyundo niliyomwazima, nami nimeichukua hiyo kama salamu.

Jana nami nilikwenda kliniki ile ile. Nilidhani nikikatwa nitakuwa nimesawazisha. Nesi wa ushauri, mzee mwenye mvi, aliniuliza kwa nini nataka. Nikamweleza yote. Akafunika kalamu yake. Akasema hapo hawamkati mtu ili kumwadhibu, na mwili wangu si faini. Akanipa karatasi, akaniambia nirudi nyumbani nikaisome na mke wangu, na kama siku moja nitakuwa na sababu ya afya yangu au ya nafsi yangu, mlango uko wazi; na kama sitakuwa nayo, nibaki nilivyo na nisimdanganye mtu. Nimeisoma, mjomba, kila mstari. Bado sijui kama nitakwenda, na safari hii yeyote atakayeniuliza nitamjibu hivyo hivyo: sijui.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi, nilificha woga, na kifo nusura kimchukue asiyehusika. Sikuombi unisamehe upesi. Naomba tu usiisimulie tena ile hadithi, au ukiisimulia, isimulie yote. Na Mama umwombe radhi kwa niaba yangu kwa ajili ya supu, na kitanda, na uso aliougeuza, mpaka nitakapokuja kupiga magoti mwenyewe.

Leo asubuhi Twiga amenitumia ujumbe, wa kwanza tangu Alhamisi. Kidonda kimefunga vizuri, sukari imeshuka, na anakwenda kupimwa kila wiki. Harusi wameipanga mwezi wa kumi, Jumamosi ya pili. Aliandika nikufikishie habari hizo, na kwamba wewe na Mama msikose. Kuhusu mimi hakuandika kitu, nami sikuuliza.

Mke wangu na watoto wanawasalimu sana. Fikisha salamu zangu kwa majirani wote wanaoniulizia, hata wale watakaonicheka ukishawasomea. Utunze goti. Nakusubiri unijibu, na kama utaona ni vyema usijibu, pia nitaelewa.

Ni mimi mpwa wako,
Seremala